Nani Mwenye Haki ya Kujua? Kigezo cha Kuhakiki Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili, kutoka Bwana Msa hadi Joram Kiango

Usuli wa Tatizo

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, riwaya ya upelelezi imezoeleka kutiwa katika kapu moja na riwaya za mapenzi na za visa vya kusisimua, kisha kapu zima likabandikwa jina la riwaya pendwa. Upande wa pili huwekwa riwaya dhati, ile inayodhaniwa kubeba fikra nzito na ufundi wa hali ya juu. Mgawanyo huu una manufaa yake darasani, lakini una kasoro moja kubwa. Humweleza msomaji kwamba kitabu kinapendwa, wala haumwelezi kinavyofanya kazi. Kupendwa si sifa ya kifani. Kitabu chaweza kupendwa kwa werevu wake au kwa uvivu wake, na jina pendwa halitenganishi hali hizo mbili.

Matokeo yake ni kwamba mhakiki anayeishika riwaya ya upelelezi huelekea kufuata mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kuiorodheshea dhamira, kama vile rushwa, usaliti na nafasi ya mwanamke, kana kwamba fumbo lenyewe halimo kitabuni. Ya pili ni kuisimulia upya tangu mwanzo hadi mwisho, kisha kuhukumu kwamba inasisimua au haisisimui. Njia zote mbili huruka jambo lililo kiini cha utanzu huu, yaani namna maarifa yanavyogawiwa: mpelelezi anajua nini, msomaji anajua nini, na kila mmoja wao anakijua lini. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ugawaji huo wa maarifa ndio kigezo cha haki cha kuipima riwaya ya upelelezi. Kigezo hicho kikitumiwa kwa Muhammed Said Abdulla, Elvis Musiba na Ben Mtobwa, hudhihirisha tofauti zinazofichwa na jina pendwa, na huibua swali zito la kijamii: katika jamii, ni nani mwenye haki ya kujua?

Hadithi Mbili Ndani ya Kitabu Kimoja

Mnamo 1966, Tzvetan Todorov, mhakiki mzaliwa wa Bulgaria aliyefanya kazi zake Ufaransa, alieleza kwamba riwaya ya fumbo hubeba hadithi mbili. Moja ni hadithi ya uhalifu, ambayo imekwisha kutendeka na haionekani moja kwa moja. Nyingine ni hadithi ya uchunguzi, ambamo matendo ni machache: watu huulizwa, husikilizwa, na maneno yao hulinganishwa. Katika riwaya ya msisimko, hadithi hizo mbili huungana. Uhalifu hutendeka wakati uleule unaosimuliwa, na maisha ya mhusika mkuu mwenyewe huwa hatarini. Taharuki ya aina ya kwanza hutokana na udadisi juu ya lililokwisha kutokea. Ya aina ya pili hutokana na hofu juu ya litakalotokea.

Tofauti hii ina athari kwa mhakiki. Riwaya ya fumbo ina mkataba wa haki na msomaji wake. Ronald Knox, kasisi na mtunzi wa Uingereza, aliuandika mkataba huo mwaka 1929 kwa namna ya kanuni kumi. Miongoni mwazo ni kwamba nguvu zisizo za kawaida zisitumiwe kutatua fumbo, na kwamba mpelelezi asigundue kidokezo pasipo msomaji kukipata. Riwaya ya msisimko haina mkataba huo, kwa kuwa haikuahidi fumbo. Kuilaumu kwa kukosa vidokezo ni sawa na kupima kitambaa kwa pishi.

Bwana Msa: Maarifa Yaliyo Wazi kwa Kila Mwenye Macho

Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la uandishi lililoendeshwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Maelezo ya kawaida ya wahakiki ni kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevishwa mavazi ya Unguja: ana kiko, ana akili ya kuunganisha mambo, na ana Najum anayeshika nafasi ya Watson. Ulinganisho huo ni wa kweli, lakini ukiishia hapo hupoteza lililo kubwa zaidi.

Kanuni ya Knox ya kukataza mizimu ilikuwa kwake kanuni ya mchezo tu. Wasomaji wake hawakutarajia kwamba mwuaji angekuwa pepo, na kanuni iliwekwa ili mchezo usiharibike. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, jambo hilohilo ndilo linalogombewa. Bwana Ali, tajiri mwenye mashamba, anakutwa ameuawa penye mzimu unaoheshimiwa, na jibu lipo tayari midomoni mwa watu: wahenga wamekasirika. Kwa hiyo mpelelezi anashindana na mhalifu na, zaidi ya hapo, na maelezo yanayokubalika ambayo mhalifu anaweza kujifichia ndani yake. Mwandishi alirudia mbinu hii katika Kisima cha Giningi cha 1968, kwani Giningi katika imani za Unguja ni makao ya wachawi yasiyoonekana kwa macho ya watu wa kawaida. Jina la kitabu humwahidi msomaji ulimwengu wa siri usiofikiwa na akili, ilhali masimulizi humrudisha kwenye mambo yanayofikiwa: nasaba, ndoa, mali na tamaa.

Hapa ndipo ugawaji wa maarifa unapopata uzito wa kijamii. Ikiwa kifo kimeletwa na mzimu, anayejua ni mganga peke yake. Ikiwa kimeletwa na mkono wa mtu, anaweza kukijua yeyote aliye tayari kutazama na kuuliza. Bwana Msa hana cheo cha polisi na hana uganga. Ana subira, kumbukumbu na lugha. Najum, ambaye hukosea mara kwa mara, si mjinga aliyewekwa ili kumkuza bwana wake. Kukosea kwake ni kwa mtu aliyeona yaleyale aliyoyaona Bwana Msa akayasoma vibaya, na ndiyo nafasi ya msomaji mwenyewe. Ahadi iliyomo ni kwamba maarifa ni mali ya umma, na yanamngoja atakayejizoeza kuyasoma.

Ahadi hiyo haikosi mipaka. Bwana Msa ni mtu mwenye wasaa, anayepokewa vizuri barazani na kuzungumza na watu wa kila tabaka kutoka mahali pa juu kidogo. Nafasi anayotumia kufikiri ni nafasi ambayo mkulima wa karafuu hakuwa nayo. Hata hivyo, kasoro hii nayo huonekana kwa kigezo cha maarifa, kwa kuuliza ni nani kitabuni anayepewa muda wa kufikiri na ni nani anayehojiwa tu.

Willy Gamba: Maarifa Yaliyo Mikononi mwa Dola

Daraja la kutoka kwa Abdulla kuelekea kizazi kilichofuata ni Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyochapishwa 1965. Mabadiliko yanasomeka hata katika jina. Pale palipokuwa na mzimu sasa pana simu, chombo cha mji. Mpelelezi naye, Inspekta Wingo, ni ofisa wa polisi. Uchunguzi umetoka barazani umeingia ofisini.

Elvis Musiba aliikamilisha hatua hiyo. Katika Kufa na Kupona, iliyotoka 1974, Willy Gamba ni jasusi wa serikali anayesimulia kwa nafsi ya kwanza. Nyaraka za siri zinazohusu harakati za ukombozi zimeibwa, naye anatumwa Nairobi kuzirudisha. Katika Kikosi cha Kisasi uwanja ni Kinshasa. Wahakiki wenye mwelekeo wa kijamaa waliziona kazi za aina hii kuwa kasumba, nakala za James Bond zinazomlevya kijana kwa magari, pombe na wanawake. Rajmund Ohly naye, katika kitabu chake cha 1981 kuhusu nathari ya Kiswahili ya miaka ya 1970, aliiona nathari ya muongo huo kuwa na sifa ya ukali.

Lawama ya uigaji ina ukweli, lakini hailingani na hali ambamo vitabu hivi vilisomwa. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliozaliwa 1963. Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa jijini humo kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Kwa msomaji aliyekumbuka kwamba kifurushi cha posta kiliweza kuua, njama za makaburu na vibaraka wao hazikuwa ndoto zilizoletwa na filamu za Uingereza. Umbo liliazimwa. Hofu ilikuwa ya nyumbani.

Kasoro halisi ya Musiba iko kwingine. Willy Gamba hupata sehemu kubwa ya maarifa yake kwa kupewa: Chifu anamwita, anamfungulia jalada, anamtuma. Mengine huyapata kwa bahati au kwa ngumi. Msomaji huandamana naye kwa karibu, maana nafsi ya kwanza haimfichi mengi, lakini haalikwi kufikiri. Anaalikwa kuamini. Swali la iwapo Chifu amekosea, au iwapo siri fulani inafichwa kwa maslahi ya watu wachache, halina mlango wa kuingilia. Nafasi ya wanawake inafuata mantiki hiyohiyo. Mwanamke mzuri anayejitokeza ghafla huelekea kuwa ama chambo ama zawadi. Anayoyajua hugeuka hatari inayopaswa kudhibitiwa, na mara chache huheshimiwa kama ujuzi. Mhakiki anayelaumu idadi ya wanawake wazuri vitabuni analaumu dalili. Ugonjwa ni kwamba maarifa halali yana makao mamoja tu, na makao hayo ni ofisi ya Chifu.

Joram Kiango: Maarifa Pembeni mwa Ofisi

Joram Kiango wa Ben Mtobwa mara nyingi hutajwa pamoja na Willy Gamba kana kwamba ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Kwa mwendo wa matukio, wanafanana. Kwa ugawaji wa maarifa, hawafanani. Joram ni mpelelezi wa kujitegemea. Anashirikiana na Inspekta Kombora, lakini si mtumishi wake. Kati ya wanaume hawa wawili pana heshima iliyochanganyika na mashaka, na Kombora hawezi kuwa na hakika kwamba Joram amemwambia yote anayoyajua.

Nafasi hiyo ndogo kati ya mpelelezi na dola ina maana kubwa ikikumbukwa kwamba Mtobwa aliandika zaidi katika miaka ya 1980, wakati wa uhaba wa bidhaa na ulanguzi, ambapo raia alijua kwamba baadhi ya waliokabidhiwa dhamana ndio waliokuwa wakiivunja. Mpelelezi wa kipindi hicho hakuweza tena kungoja jalada kutoka kwa mkubwa. Mtobwa mwenyewe alianzisha kampuni ya uchapishaji, Heko, na hivyo mwandishi naye alisimama pembeni mwa ofisi kama shujaa wake. Hata hivyo, uhuru wa Joram si wa moja kwa moja. Katika Tutarudi na Roho Zetu?, adui anapokuwa utawala wa makaburu wa Afrika Kusini, kachero wa kujitegemea hurudi kuwa askari wa taifa na mashaka hunyamaza. Nuru naye, mwenzake Joram, anapiga hatua mbele ya wanawake wa Musiba kwa kuwa anashiriki kazi, ingawa masimulizi hayachoki kuusifia uzuri wake kabla ya kuutaja ujasiri wake.

Suala la Kuufichua Mwisho

Kigezo hiki kinasaidia pia kutatua tatizo ambalo kila mhakiki wa riwaya hizi hukutana nalo: je, aufichue mwisho? Anayempendekezea msomaji kitabu kipya ana wajibu wa kunyamaza. Anayefanya uchambuzi hawezi kunyamaza, kwa kuwa haki ya vidokezo haipimiki bila kujua vilikokuwa vikielekea. Lakini kuufichua mwisho ni jaribio pia. Kitabu kinachokufa mara mwuaji anapotajwa kilikuwa na jina la mtu tu ndani yake. Kitabu kinachosomeka tena, huku msomaji akiona namna alivyodanganywa kwa maneno ya kweli, kina ufundi. Mzimu wa Watu wa Kale unafaulu jaribio hili kwa mazungumzo yake, ambamo neno la kawaida hupata maana ya pili katika usomaji wa pili. Riwaya za Musiba zinafaulu kwa kiasi kidogo zaidi, na kufaulu kwake ni kwa namna nyingine: husomwa tena kwa ajili ya kasi yake na kwa ajili ya ramani ya miji na hofu za wakati wake.

Hitimisho

Imeoneshwa kwamba jina pendwa limekusanya pamoja kazi zenye misimamo mitatu tofauti kuhusu maarifa. Kwa Abdulla, kujua ni haki ya kila atazamaye vizuri. Kwa Musiba, ni amana ya dola inayokabidhiwa mtumishi mwaminifu. Kwa Mtobwa, ni mali inayogombewa kati ya raia na ofisi. Misimamo hii imetokana na nyakati zake, tangu Unguja ya miaka ya mwisho ya ukoloni hadi Dar es Salaam ya harakati za ukombozi na ile ya uhaba.

Mhakiki hana haja ya kuzipandisha riwaya hizi cheo ili zistahili kusomwa, wala ya kuziombea radhi. Anachodaiwa ni kuzisoma kwa kipimo kinachozifaa, na kuzilaumu pale zinapostahili lawama. Vitabu vilivyowazoesha Waswahili wengi kukesha na koroboi, wakikisia nani aliua, viliwafundisha pia kuuliza nani anasema kweli na amejuaje. Uhakiki unaoishia kwenye orodha ya dhamira unamnyang'anya msomaji swali hilo, ambalo vitabu vyenyewe vilikwisha kumpa.