Dhima ya Mtafutaji katika Hadithi za Vificho

Neno dhima katika Kiswahili lina uzito wa pande mbili. Katika maisha ya kila siku, mwenye dhima ni mwenye wajibu ambao hana budi kuutimiza; katika elimu ya fasihi, dhima ni kazi inayofanywa na mhusika, au na sehemu fulani ya utungo, katika kuukamilisha utungo wote. Maana hizo mbili aghalabu hutajwa mbalimbali, lakini kuna namna moja ya utungo wa siku hizi ambayo haiwezi kupimwa kwa haki ila zikiwekwa pamoja. Nayo ni hadithi za vificho: hadithi ambazo hazisomwi kitini bali hutembewa, na ambazo ndani yake mtafutaji wa kasha lililofichwa hupewa nafasi ya mhusika, akaambiwa kwamba bila yeye kisa hakiendi mbele. Ahadi hiyo ni kubwa. Makala haya yachunguza inatimizwa kwa kiasi gani, na kwa nini mara nyingi haitimizwi.

Mchezo wenyewe una asili ya zamani kuliko jina lake. Mwaka 1854, James Perrott, kiongozi wa wageni huko Dartmoor, Uingereza, aliweka chupa penye Cranmere Pool ili wageni waliofika mahali pale pagumu waache kadi zao. Kutokana na desturi hiyo ulikua mchezo wa kutafuta masanduku ya barua porini. Jiokashi, mchezo wa sasa, ulizaliwa mwezi wa Mei mwaka 2000. Mwanzoni mwa mwezi huo serikali ya Marekani iliacha kuziharibu kwa makusudi ishara za satelaiti za GPS zilizotumiwa na raia, na makosa ya kipimo yaliyoweza kufika mita 100 yakapungua ghafla. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza majiranukta yake, yaani tarakimu za latitudo na longitudo, ili mwenye kipokezi aende akaitafute. Ndani mlikuwa na vitabu, kopo la maharagwe na vitu vingine. Sharti lilikuwa kutwaa kitu, kuacha kitu, na kuandika daftarini. Katika ndoo ile hapakuwa na hadithi. Palikuwa na mahali, na kitu mahali hapo, na mtu wa kukitafuta. Walakini hizo ni nguzo tatu ambazo hadithi yaweza kuezekwa juu yake.

Watungaji hawakukawia kuezeka. Kificho kimoja kikawa cha vituo vingi: kituo cha kwanza hutoa tarakimu za kukifikia cha pili, na karatasi iliyokunjwa katika kila kituo hubeba sura moja ya kisa. Kisha, mwaka 2008, kampuni ya Groundspeak ya Seattle ilileta Wherigo, chombo cha kutungia michezo ya namna hii. Mtungaji huandaa faili liitwalo katriji. Ndani yake huchora maeneo juu ya nchi halisi, akaweka wahusika, vitu, kazi za kutimizwa na saa ya kuhesabu muda. Mtafutaji akiingia katika eneo lililochorwa, kifaa chake hutambua; mhusika husema naye, au kitu cha kubuni hutiwa mfukoni mwake. Karatasi husema neno lile lile kwa kila ajaye. Katriji yaweza kukumbuka mtu alikopita, na alichokikataa.

Kwa chombo chenye kumbukumbu ya namna hiyo, mtu angetazamia tungo zenye wahusika hai. Lakini mfano ulio wa kawaida ni huu: mtafutaji huambiwa kwamba yeye ni mpelelezi, tajiri mmoja ameuawa, na muuaji ameacha dalili mjini. Mpelelezi huenda penye daraja, akahesabu matao yake, akayazidisha kwa saba, akajumlisha na mwaka uliochongwa ukutani, akapata tarakimu za kituo kinachofuata. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Hapo yafaa kuuliza swali moja tu: mtu huyu angeitwa mganga, au rubani, au mfalme, kingebadilika nini? Matao yangekuwa yale yale, na jumla ile ile. Jina la nafasi likiondolewa na kisha pasipotee kitu, nafasi haikuwapo. Kilemba peke yake hakimfanyi mtu kuwa shehe.

Hapana haja ya kuisamehe kasoro hiyo kwa kusema kwamba fani bado ni changa, kwa sababu somo lake lilikwisha kutolewa zamani. Kati ya mwaka 1975 na 1976, Will Crowther, mtunga programu na mpenda mapango, aliandika mchezo wa kompyuta uitwao Adventure, uliokuwa wa maneno matupu: kompyuta hueleza mahali, na mchezaji huandika analotaka kulitenda. Mapango yaliyosimuliwa hayakubuniwa yote. Msingi wake ni Bedquilt, sehemu ya mapango ya Mammoth Cave huko Kentucky, ambayo Crowther alikuwa miongoni mwa watu waliopima njia zake. Don Woods aliupanua mchezo huo mwaka 1977, na utafiti wa Dennis Jerz uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha jinsi utungo wa kwanza wa Crowther ulivyolifuata umbo la pango lenyewe. Katika mchezo huo mchezaji hapewi cheo, hupewa taa. Akiwa nayo huona njia, na akienda gizani pasipo nayo yumo hatarini kutumbukia shimoni. Basi huyo ni mtu wa mapangoni kweli, si kwa sababu ameambiwa hivyo, bali kwa sababu ana kitu cha kuchunga na jambo la kuogopa.

Lakini mchezaji wa Crowther, kwa ushujaa wake wote, hukaa kitini. Akichagua njia ya kushoto badala ya kulia, uchaguzi huo humgharimu mguso wa vidole; na msomaji wa kitabu chenye njia nyingi hulipa kwa kufunua kurasa. Mtafutaji wa kificho hulipa kwa miguu. Hii ndiyo mali kubwa ya fani hii ambayo fani nyingine hazina, na ndiyo inayoachwa bila kutumiwa katika kisa cha mpelelezi. Tuseme mtungaji amemfanya mtafutaji kuwa tarishi. Katika kituo cha kwanza, bondeni, mna bahasha iliyofungwa, na maneno ya mpelekaji yaombayo barua isifunguliwe, ipelekwe juu ya kilima kwa mwenyewe. Tarakimu za kasha la mwisho zimo ndani ya bahasha. Zimo pia kule juu, mwendo wa kilometa 2. Tarishi aweza kufungua na kufika upesi, au kutunza amana na kupanda. Hakuna jibu sahihi wala kosa, kuna bei. Aliyepanda ameutimiza uaminifu kwa jasho lake mwenyewe, na aliyefungua amejua jambo juu ya nafsi yake ambalo hakuna mwandishi angeweza kumwambia kitini. Hapo dhima ya fasihi na dhima ya maisha zimekuwa kitu kimoja.

Mfano huo, hata hivyo, wafichua tatizo la fani. Kasha ni moja na daftari ni moja; njia zaweza kuwa nyingi, lakini mwisho wa zote ni chini ya jiwe lile lile. Watungaji wengine hukata tamaa hapo, wakaona kwamba kuchagua ni udanganyifu mtupu ikiwa wote wafika pamoja. Hoja hiyo si ya kweli. Wasafiri wawili waweza kuingia mji mmoja kwa lango moja, mmoja mkimbizi na mmoja mwenyeji arudiye kwao. Mji ni mmoja, lakini kufika si kumoja. Basi kazi ya mtungaji ni kutofautisha, kwa wale wafikao, kile wanachokijua na kile wanachodaiwa. Katriji iliyokumbuka kwamba bahasha ilifunguliwa yaweza kumkaribisha mfunguaji kwa maneno mengine, na hayo yatosha.

Tena kuna suala la aliyeshindwa. Katika michezo mingi ya vificho, asiyelipata jibu hana nafasi tena. Kisa humwacha njiani, naye hurudi nyumbani kana kwamba hakualikwa. Kitendawili cha Kiswahili kina adabu bora zaidi. Wasikilizaji wakishindwa kutegua huombwa mji. Wakautoa, mtegaji akaupokea, na aghalabu hujisifu kwa alivyopokewa huko kabla ya kutoa jibu. Kushindwa kumepewa sehemu katika mchezo, tena sehemu yenye kupendeza, na malipo yake ni mahali. Mtungaji wa vificho, ambaye biashara yake yote ni mahali, angefaa kulitafakari jambo hilo. Tarishi aliyepotea njia aweza kupelekwa penye kituo cha wapotevu, akasikie kisa kwa upande wao, kisha arudishwe barabarani. Kufanya hivyo ni ustadi na ni huruma pia, kwa maana anayepotea hapa hupotea kweli, na jua huchwa.

Ili hukumu iwe ya haki, yapasa kutazama pia aina ya katriji iliyoenea sana Ulaya, ambayo ni kinyume cha zilizotajwa. Ndani yake hamna kisa hata kidogo. Mtafutaji hutia namba tatu. Kifaa hupiga hesabu ya mahali pa kasha, kisha humwambia umbali tu, pasipo kumwambia upande. Humbidi kwenda hatua kadhaa, kuona kama umbali umezidi au umepungua, kugeuka, na kujaribu tena. Wapo wanaoidharau kwa kuwa haina fasihi. Lakini mtu anayeitumia ana jambo la kutenda, na kila hatua yake hujibiwa. Mpelelezi wa daraja ana hadithi bila dhima. Huyu ana dhima bila hadithi. Kati ya hao wawili, wa pili yu karibu zaidi na utungo mwema, kwa kuwa ni rahisi kumpa mtendaji kisa kuliko kumpa mwenye kisa tendo.

Walakini tendo nalo halitoshi likiwa laweza kutendwa popote. Kuna katriji ambazo maeneo yake hayafungwi na nchi yoyote. Hujipanga kulizunguka eneo aliposimama mchezaji, na uwanja wowote wa mpira watosha. Hizo ni za kufurahisha, lakini mahali pamekuwa sakafu tu. Mfano wa kinyume chake umo katika sanaa iliyo jirani na mchezo huu: The Missing Voice (Case Study B) ya Janet Cardiff, iliyotolewa London mwaka 1999 na shirika la Artangel. Msikilizaji, akiwa na vipokea sauti masikioni, alianzia katika maktaba ya Whitechapel, akafuata sauti ya mwanamke mitaani, na mwisho akaachwa katika stesheni ya Liverpool Street ajirudie mwenyewe. Utungo huo hauwezi kuhamishwa. Maktaba ile ilifungwa mwaka 2005, na jengo lake likaunganishwa na jumba la sanaa la Whitechapel mwaka 2009. Hadithi ya mahali huzeeka pamoja na mahali. Aitungaye hana budi kulijua hilo na kulikubali.

Imebaki dhima ya tatu, nayo ni kwa watu wasiocheza. Msomaji wa riwaya hamsumbui jirani yake. Mhusika wa kificho hutenda mbele ya watu wasiojua kwamba kuna kisa. Mwaka 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, kasha la mchezo huu lilidhaniwa kuwa bomu, na wataalamu wa jeshi wakalilipua. Mwaka 2005, Baraza la Wawakilishi la jimbo la South Carolina, Marekani, lilipitisha mswada wa kuuzuia mchezo huu makaburini na katika mahali pa kihistoria, ingawa haukuwa sheria. Mambo hayo hayakuletwa na hadithi, lakini hadithi mbaya huyazidisha. Mtungaji amwambiaye mtafutaji kwamba yeye ni jasusi humfundisha kunyemelea. Amwambiaye kwamba marehemu fulani ni mzimu wa kuwindwa humkosesha heshima mbele ya wafiwa. Nafasi ni amri ya namna ya kuenenda, na mwenye kuamuru huulizwa.

Kwa hiyo kipimo cha hadithi za vificho si wingi wa wahusika wake wala ugumu wa mafumbo yake. Ni kwamba mtafutaji awe na jambo la kuchagua ambalo bei yake atailipa kwa mwili wake. Kwamba mahali pasiweze kubadilishwa na pengine. Na kwamba apitaye karibu asidhurike kwa mchezo ambao hakuuingia. Utungo wenye mambo hayo matatu wastahili kuhesabiwa katika fasihi hata ukiwa na maneno mia tu juu ya karatasi iliyolowa umande. Usio nayo ni hesabu iliyovishwa joho, na mvua ya kwanza hulivua.