Tenisi ya Meza na Gofu Zichezwazo Hewani

Michezo ya mashine husifiwa sana na vijana na kulaumiwa sana na wazee, na aghalabu pande zote mbili huhukumu bila kupima. Baadhi ya wazazi wa huku Mtowisa wameniuliza swali ambalo sharti lijibiwe kwa haki: je, zikipatikana fedha chache kwa ajili ya michezo ya watoto, yafaa kununua ile mashine imfanyayo mtu acheze tenisi ya meza na gofu kwa kupunga mkono mbele ya televisheni? Michezo hiyo nimeicheza mara nyingi mjini Sumbawanga. Kwa hiyo nitaeleza uzuri wake na upungufu wake, kila mtu apate kuamua mwenyewe.

Kwanza asili yake. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine iitwayo Wii mwezi wa Novemba 2006. Kabla ya hapo, mchezaji wa mashine aghalabu alikaa kitini akibonyeza vitufe kwa vidole tu. Wii ilikuja na rimoti ambayo urefu wake haufiki shubiri moja, na ndani yake mna kitu kitambuacho mwendo wa mkono, ukienda mbio au polepole. Mchezo wa kwanza, Wii Sports, ulikuwa na gofu, walakini tenisi ya meza haikuwamo. Mwaka 2009 ukafuata Wii Sports Resort, wenye michezo 12, na hiyo miwili imo. Pamoja nao kiliongezwa kitu cha pili, kitambuacho jinsi rimoti inavyogeuzwa na kupindwa. Mashine za Wii zilizouzwa duniani zilipita milioni 100. Sasa hazitengenezwi tena, lakini zile za zamani zingali zikichezwa, na michezo ya namna hiyo ingali ikitolewa kwa mashine mpya.

Natuanze na tenisi ya meza. Rimoti hukaa mkononi kama mpini wa kibao chenyewe. Ukiipindisha, kibao kilicho katika televisheni nacho hupinda. Ukikwangua mpira kutoka juu kwenda chini, mpira huenda ukizunguka kinyumenyume, kama ufanyavyo mezani. Tena ndani ya rimoti mna spika ndogo na kitu cha kutetemesha, basi mtu husikia mlio wa mpira mkononi mwake, akadhani amepiga kitu kweli. Udanganyifu huo una nguvu. Siku za mwanzo watu walipunga kwa bidii hata kamba za kufungia rimoti kifundoni zikakatika na rimoti zikaruka. Mwezi wa Desemba 2006 Nintendo ilitangaza kuwabadilishia watu kamba zipatazo milioni 3.2. Mtu hatumii nguvu kiasi hicho kwa kitu asichokisadiki.

Lakini iko kasoro kubwa, nayo ni miguu. Katika mchezo wa mashine, yule mtu wa kwenye picha huufuata mpira mwenyewe. Kazi yako ni kupiga wakati ufaao tu. Kila aliyecheza mezani ajua ya kuwa nusu ya mchezo ni hatua. Meza ina urefu wa sentimita 274 na upana wa sentimita 152 na nusu, na mpira una uzito wa gramu 2.7 tu, hata upepo mdogo huupeleka kando. Mtu asiyejua kujiweka mahali pafaapo hushindwa kabla hajainua mkono. Mashine imeondoa sehemu hiyo ngumu, ikabakiza ile ipendezayo. Ndiyo maana mtu aweza kuwa fundi wa tenisi ya mashine hali ameketi kitini, akigeuza kifundo cha mkono tu. Ni kama kujifunza kulima kwa kuinua jembe hewani: mkono wajua kupanda na kushuka, lakini haujui udongo ulivyo mzito.

Sasa gofu. Hapa nilitazamia kuona upungufu mkubwa zaidi, maana fimbo ya gofu yapata mita moja, na rimoti haifiki shubiri. Kwa habari ya mwili, ni kweli: uzito wa fimbo haupo, wala nyasi hazimkwazi mtu. Tena pigo dogo la mwisho, la kuuingiza mpira shimoni, hutaka mkono wa polepole mno, na mashine ile ya kwanza ilikuwa dhaifu katika kutambua mwendo wa namna hiyo. Walakini gofu si mkono tu. Kabla ya kupiga, mchezaji huonyeshwa upepo watoka wapi na una nguvu gani; huchagua fimbo; hukisia umbali; hupunga mara kadhaa kwa kujaribu; ndipo apigapo. Akitumia nguvu kupita kiasi mpira hupinda, ukaangukia majini au mchangani. Mtu mwenye papara huadhibiwa, na mwenye kutulia hupata. Kiini hicho cha gofu, yaani kupima kabla ya kutenda, mashine imekihifadhi vizuri. Kwa hiyo naona gofu imetoka na akili yake, ingawa imepoteza mwili wake. Na tenisi ya meza imetoka na mkono wake, ikapoteza miguu.

Tena liko jambo jingine ambalo gofu ya mashine imelificha. Kiwanja cha mashimo 18 humtaka mtu atembee kilomita nyingi, na katika Afrika Mashariki mchezo huo, uliochezwa Entebbe tangu 1901 na Nairobi tangu 1906, umekuwa na wabeba mifuko. Wengi wa wenyeji waliokuja kuwa mabingwa walianza kwa kubeba fimbo za wengine, wakajifunza kwa macho. Katika mashine hakuna mbeba mfuko, wala mkata nyasi. Kwa upande mmoja ni faida: mtoto wa Mtowisa aweza kujaribu mchezo wa matajiri pasipo kuuliza ruhusa mlangoni mwa klabu. Kwa upande mwingine ni hasara, kwa kuwa anaona uwanja mzuri bila kuona jasho liutunzalo.

Watu wengine husema mashine hizi ni dawa. Kweli zimetumiwa katika hospitali kuwazoeza tena watu waliopooza mkono kwa kiharusi. Jambo hilo lilipimwa kwa wagonjwa 141 katika nchi za Kanada, Argentina, Peru na Thailand, na matokeo yakatolewa mwaka 2016. Kundi moja lilicheza Wii. Kundi la pili lilicheza karata, mpira na michezo mingine ya kawaida. Makundi yote mawili yaliendelea vizuri, lakini la Wii halikulishinda la pili. Maana yake ni kwamba kilichofaa si mashine, bali ni kucheza.

Basi wazazi nawajibu hivi. Mzee asiyeweza kusimama mezani, au mgonjwa, au rafiki walioketi pamoja jioni, kwao mchezo huu ni burudani njema, wala sioni sababu ya kuulaumu. Lakini kwa fedha chache za watoto wetu, bei yake haiendi na faida yake. Meza mbili za darasani zikisogezwa pamoja, kipande cha wavu chakavu wa wavuvi wa Ziwa Rukwa kikifungwa kwenye vijiti viwili katikati, na vibao vikichongwa kwa mbao, tutakuwa na mchezo wenye miguu yake. Kitakachobaki kununua ni mipira tu. Watoto wanne watacheza, thelathini watatazama na kuhesabu pointi, na kila mmoja atangoja zamu yake. Umeme ukikatika mchezo hautakatika.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mashine ya 2006 imekwisha kupita, na zilizofuata nazo zitapita. Meza ya mbao ikivunjika, fundi wa kijijini huitengeneza. Akitokea mwenye mashine kutualika, na twende tukacheze kwa furaha. Tukirudi, tuwatengenezee watoto meza.