MiG-21 na F-5E: Uchambuzi kwa Mchezaji Aliye Mpanda

Miongoni mwa mabishano yasiyokwisha baina ya vijana wanaorusha ndege za kivita katika simuleta za intaneti, lililonivutia mimi ni lile la MiG-21 ya Warusi na F-5E ya Wamarekani. MiG-21 ndiyo ndege ambayo jeshi letu lililetewa kutoka Urusi katika mwaka 1974 na kuitumia katika vita vya Kagera. Na tena, ndege hizi mbili zilikwisha kupambana kwa damu, si kwa mchezo, katika anga ya Ogaden mwezi Julai 1977, Wahabeshi wakiwa ndani ya F-5E na Wasomali ndani ya MiG-21. Leo zote mbili zimo katika programu ya DCS World, MiG-21bis tangu 2014 na F-5E tangu 2016, na yeyote mwenye kompyuta ya kutosha aweza kuzijaribu.

Msomaji wa takwimu huanza kwa kugawanya uzito kwa ukubwa wa bawa. MiG-21bis yenye tani 8.7 na bawa la mita za mraba 23 hubeba kilo 378 kwa kila mita. F-5E yenye tani 7 na bawa la mita 17.3 hubeba kilo 405. Akitazama injini, ataona kwamba ile moja ya MiG husukuma kwa nguvu ya tani 7.1, ilhali zile mbili za F-5E zikijumlishwa hazifiki tani 4.6. Basi atakata shauri kwamba MiG ndiyo bora kwa kupanda na kwa kuzunguka pia, na akiingia vitani kwa itikadi hiyo atatunguliwa asubuhi na jioni.

Kosa lake ni kusahau umbo. Upana wa mabawa kutoka ncha hadi ncha, ukizidishwa kwa wenyewe kisha ukagawanywa kwa eneo la bawa, unatoa 2.2 kwa MiG na 3.8 kwa F-5E, na tarakimu hiyo ndogo ndiyo siri yote ya mapambano haya, maana bawa fupi la pembetatu hulipa kodi kubwa ya ukinzani wa hewa kila linapolazimishwa kuinua ndege kwa nguvu. Katika mzunguko wa kwanza MiG hugeuza pua yake kwa ukali wa kuogofya; katika mzunguko wa pili mwendo umekwisha kuitoka, na injini ile kubwa, kwa nguvu zake zote, haiwezi kuurudisha upesi. F-5E hugeuka kwa adabu zaidi, lakini hudumu ikigeuka.

Marubani wa Ethiopia, waliofunzwa na Wamarekani, waliyajua hayo. Walisaidiwa na rada iliyokuwa juu ya mlima Karamara karibu na Jijiga, wakapata kumwona adui mapema na kuchagua wakati wa kumwingilia, na baada ya wiki chache mbingu ilikuwa yao. Hata hivyo nisingependa msomaji aihesabu fahari hiyo kuwa ya chuma peke yake: MiG za Wasomali zilikuwa za aina ya MF, zenye injini dhaifu kuliko hii ya bis iliyomo katika mchezo, na mafunzo ya marubani hayakuwa sawa.

Basi mwenye MiG afanyeje? Afanye kama furukombe wa Ziwa Tanganyika kule Karema, ashukaye kutoka juu, akamnyakua samaki kwa pigo moja na kupaa, asibaki akizungukazunguka juu ya maji. Ashuke kwa kasi, apige, na akikosa apande juu moja kwa moja, wala asikubali kuvutwa katika mzunguko wa pili, hata kama adui ameonekana kuwa mnyonge. Aghalabu unyonge huo ni mtego.

Sasa nije kwa jambo ambalo vitabu vya marubani havilitaji, nalo ni umbali. Kutoka Mpanda hadi Frankfurt, ambako seva nyingi zimewekwa, ni kama kilomita 6,600 kwa mstari ulionyooka, na nuru ndani ya waya wa kioo huenda kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi, hata kama njia ingekuwa imenyooka, kungechukua sehemu 66 katika elfu za sekunde. Walakini njia haijanyooka: habari hushuka kwanza hadi Dar es Salaam, kisha hupita chini ya bahari, na hupita mikononi mwa mitambo mingi. Tuseme ucheleweshaji ni sehemu ya tano ya sekunde. Ndege iendayo mita 250 kwa sekunde itakuwa imesogea mita 50, ilhali urefu wake wote haufiki mita 16.

Programu hulitibu tatizo hili kwa kukisia: hutwaa mahali na mwendo wa mwisho wa adui, ikamchora pale anapotarajiwa kuwapo. Akienda mbele bila kugeuka, makisio ni sahihi. Akizunguka kwa ukali wa kumfanya rubani awe na uzito mara sita, kosa kwa ucheleweshaji ule ni mita moja na kitu, jambo la kustahimilika. Lakini ucheleweshaji ukizidi mara mbili, kosa huzidi mara nne, na mtandao ukiyumba hadi nusu ya sekunde, kosa hupita mita 7, yaani upana mzima wa mabawa ya MiG-21. Hapo unapiga mzinga mahali ambapo hapana mtu.

Kwa sababu hiyo hukumu yangu kwa mchezaji wa Mpanda ni kinyume cha ile ya Ogaden. F-5E hushinda kwa kuzunguka karibu karibu, na huko ndiko mtandao wetu unakotuangusha. MiG-21 hushinda kwa pigo moja juu ya adui asiyegeuka, na huko makisio ya programu hayadanganyi. Achague MiG, na mzinga wake wenye risasi 200 tu autumie kwa adui ambaye bado hajamwona.