Uvumi wenye foto haugeuki habari



Mwaka uliopita habari moja ilizunguka mu magrupu ya WhatsApp ya hapa kwetu Bukavu. Kichwa chake, kwa herufi kubwa: «HATARI!!! Virusi vya kutisha vinaua migomba, ndizi zimekuwa sumu.» Chini yake foto moja ya mgomba ulionyauka, basi. Hakuna jina la kijiji, hakuna tarehe, hakuna mtu aliyeulizwa. Ninaikumbuka vizuri juu mama mdogo wangu anauza ndizi. Wiki mbili nzima alikuwa anarudi jioni na beseni karibu imejaa vile alivyoenda nayo asubuhi.

Mimi nilisoma agronomi. Dalili zile alizoandika ni za mnyauko unaoletwa na bakteria iitwayo Xanthomonas. Si virusi. Ugonjwa huo ulionekana upande wa Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo si jambo la jana. Unaivisha ndizi kabla ya wakati na kuziozesha ndani, lakini haushiki mtu. Na kosa hilo la jina si kosa dogo. Kuna ugonjwa mwingine wa migomba, wenyewe ni wa virusi kweli, unaosambazwa na vidudu vidogo vinavyonyonya majani. Huu wa bakteria unasambazwa sana na panga letu sisi wenyewe. Ndiyo maana mkulima anaambiwa akate shina lenye ugonjwa, avunje ua la chini kwa kijiti chenye panda, apitishe panga mu moto ao mu javel kabla ya kugusa mgomba mwingine. Hata neno moja la hayo halikuwa mu habari ile. Msomaji alipewa woga, hakupewa la kufanya.

Nilimuandikia aliyeitunga. Akanijibu: «Grand, habari ni ya moto, ukichelewa wengine wanakupita.» Ninamuelewa. Anaishi na vue, na vue zinakuja na haraka. Lakini kumpigia simu agronome mmoja kunachukua dakika tano. Hakuna mtu angemupita mu dakika tano.

Wengine watasema: basi tuandike tu kile serikali imesema, tutakuwa salama. Hapana. Kumbukeni Goma. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021. Tarehe 27, wakaaji wa kata 10 za mji waliamriwa kuhama. Tarehe 29, wizara ya mawasiliano ikatangaza ku Twitter kwamba Murara nayo imelipuka. Masaa machache tu, ikajirudi: ndege ilipita juu ya eneo lile, na kilichoonekana ni watu wenye kuchoma makala. Aliyekuwa ameandika «Murara imelipuka» alisema uongo bila kujua. Aliyeandika «wizara inasema Murara imelipuka» alisema kweli, na wizara ilipojirudi, naye alikuwa na njia safi ya kusahihisha. Neno «inasema» ni fupi, lakini linamuonyesha msomaji nani anabeba mzigo wa ile habari.

Sasa tufike ku maneno yenyewe. Mu habari za vita, ukurasa mmoja unaandika kwamba Goma «ilikombolewa», mwingine kwamba «ilianguka mikononi mwa magaidi». Wote wawili wamekwisha kuamua mahali pa msomaji. Mtu anaweza kuandika tu: wapiganaji wa M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025. Nani, wapi, lini. Kuna wale wanaosema kutoegemea upande ni woga. Sikubali. Kutoegemea si kugawanya ukweli nusu kwa nusu ili kila mtu afurahi. Kama watu wameuawa, andika wameuawa, sema ni nani anayeshuhudia, na kama hesabu za pande mbili hazilingani, ziweke zote mbili na majina ya waliozitoa. Ukweli uliopangwa hivyo unamuuma mkosaji kuliko matusi, juu hawezi kuukana kirahisi.

Turudi ku ndizi. Baada ya siku kadhaa, ile habari ilifutwa, kimyakimya. Yule mwandishi anaona amesahihisha. Kwangu mimi, kufuta si kusahihisha. Wale waliokatazwa na habari ile kununua ndizi hawakujua kamwe kwamba ilikuwa na kosa. Kusahihisha ni kurudi mbele ya watu wale wale na kusema: niliandika hivi, nilikosea, ukweli ni huu.

Na sisi? Waliyoituma habari ile mu grupu ya promosheni yetu walikuwa malisansiye watatu, watu waliotetea memware mbele ya jury na kuambiwa «source iko wapi?» kila ukurasa. Mimi mwenyewe niliiona siku ya kwanza, nikanyamaza siku mbili, nikijiambia haiko kazi yangu. Ilikuwa kazi yangu. Mama mdogo aliniuliza hilo, na sikuwa na jibu.

Wenye kuandika juu ya mashamba na mimea, niulizeni mbele ya kutuma. Hata usiku.