Majeneza ya Askari na Haki ya Umma Kujua

Kila tunapofika kwenye somo la vita na umma, swali hili huzuka darasani: askari anapofia vitani na mwili wake ukarudishwa nyumbani, je, vyombo vya habari viruhusiwe kuonyesha jeneza lake likiteremshwa kutoka ndegeni? Wapo wanaojibu upesi kwamba hapana, kwani adui atafurahi na jeshi litavunjika moyo. Wengine hujibu upesi vile vile kwamba ndiyo, kwani umma una haki ya kujua kila kitu. Majibu yote mawili yana kasoro moja. Yametolewa kabla ya kuuliza vita hivyo ni vya nani, nani anayefia humo, na nani anayenufaika na ukimya.

Tuchukue mfano wa Marekani, kwa kuwa huko jambo hili lilifanywa sera, likatetewa kwa hoja, na hatimaye likabadilishwa. Miili ya askari wa nchi hiyo wanaofia ng'ambo hupokelewa katika kituo cha jeshi la anga cha Dover, jimbo la Delaware. Desemba 1989 Marekani iliivamia Panama. Majeneza yalipoanza kufika Dover, baadhi ya stesheni za televisheni ziligawa kioo sehemu mbili. Upande mmoja majeneza yalikuwa yakipokelewa kwa heshima za kijeshi. Upande wa pili Rais George H. W. Bush alikuwa akitaniana na waandishi wa habari. Rais alilalamika hadharani. Mwaka 1991, wakati wa vita vya Ghuba, vyombo vya habari vilipigwa marufuku kupiga picha za mapokezi hayo. Marufuku hiyo ilikaziwa Machi 2003, Iraki ilipovamiwa, na ilidumu hadi mwaka 2009.

Hoja kubwa ya watetezi wa marufuku ilikuwa heshima kwa wafiwa. Hoja hii si ya kupuuzwa. Kilio cha mama si mali ya gazeti, na mwandishi anayemsukumia mjane kamera usoni hana tofauti na mlanguzi. Lakini tuipime hoja kwa matendo ya wenye kuitoa. Majeneza ya Dover yalikuwa yamefungwa, yamefunikwa bendera ya taifa, na hayakuonyesha jina la mtu. Familia zenyewe hazikuulizwa zinataka nini, ziliamuliwa. Isitoshe, marufuku haikuwa ya siku zote. Agosti 1998, baada ya balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam kulipuliwa, miili ya Wamarekani waliouawa Nairobi ilipokelewa na Rais Bill Clinton katika kituo cha Andrews mbele ya kamera. Siku hiyo hakuna aliyesema kwamba picha zinavunja heshima ya wafiwa.

Hapo ndipo siri ya sera ile inapojifunua. Jeneza lililomshitaki adui lilionyeshwa; jeneza lililoweza kumwuliza mtawala swali lilifichwa. Wakubwa wa jeshi na wa siasa wa Marekani walikuwa hata na msemo wao, 'kipimo cha Dover', yaani kupima kama umma utaendelea kuvumilia vita baada ya kuyaona majeneza yakirudi. Mtu anayekiogopa kipimo hana budi kukificha. Mwaka 2004, mwanamke aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya mizigo nchini Kuwait alipiga picha ya majeneza yaliyopangwa ndani ya ndege, na gazeti moja la Seattle likaichapisha. Alifukuzwa kazi. Waliovipanga vita kwa madai ya silaha za maangamizi ambazo hazikuonekana hawakufukuzwa kwa kosa hilo.

Hoja ya pili ni ile ya moyo wa jeshi. Hapa tusijidanganye kwamba ugonjwa wa kuficha ni wa mabepari peke yao. Urusi ya Kisovieti ilipigana Afghanistani kuanzia Desemba 1979 hadi Februari 1989. Askari wake zaidi ya 14,000 walikufa. Kwa miaka mingi miili yao ilirudishwa katika majeneza ya zinki yaliyofungwa kwa kulehemu, ikazikwa kimya kimya. Magazeti yaliandika zaidi juu ya askari wanaojenga shule na kupanda miti kuliko juu ya wanaokufa. Je, moyo wa jeshi ulilindwa? La. Wazazi walijua, majirani walijua, na askari waliorudi walijua kuliko wote. Pengo lililoachwa na magazeti lilijazwa na uvumi, na umma ukajifunza kutoyaamini magazeti hata pale yaliposema kweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Amilcar Cabral alilielewa jambo hili akiwa msituni, katikati ya mapambano, wala si katika ofisi yenye usalama. Mwaka 1965 aliwaagiza makada wa PAIGC wasiufiche umma kitu, wasiseme uongo, na wasidai kwamba ushindi ni rahisi. Vita vya ukombozi vinaweza kuhimili ukweli kwa sababu wanaovipigana ndio wenye vita. Serikali inayohitaji giza ili watu waendelee kuikubali vita imekwisha kutoa hukumu yake juu ya vita hiyo.

Mwaka 2009 Waziri wa Ulzini wa Marekani, Robert Gates, aliiondoa marufuku na kuiachia kila familia iamue kama kamera ziruhusiwe. Uamuzi huu ni bora kuliko ule wa kwanza, na tunaukubali kwa upande mmoja. Uso, jina na machozi ni vya familia. Lakini tunaukosoa kwa upande wa pili, kwani unaelekea kulifanya jambo la umma kuwa shauri la nyumba moja moja. Askari hakutumwa na baba yake. Alitumwa na taifa. Idadi ya waliokufa, mahali walipofia na sababu ya kufa kwao ni haki ya umma wote.

Kuna kosa jingine linalowanasa hata wale wanaopenda uwazi. Huko Uingereza, kuanzia 2007 hadi 2011, magari yaliyobeba majeneza ya askari 345 yalipita katika mji mdogo wa Wootton Bassett. Wananchi walisimama barabarani kwa heshima, na televisheni zikaonyesha. Hakuna kilichofichwa. Hata hivyo, mtu aliweza kutazama misafara hiyo miaka minne bila kuelezwa kwa nini vijana wale walikuwa Helmand. Picha ikitolewa bila maelezo huamsha huruma na kulaza fikra.

Somo hili linatuhusu sisi wenyewe. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, Kivu ya Kaskazini, ilishambuliwa. Askari 14 wa JWTZ walirudishwa katika majeneza yaliyofunikwa bendera yetu, na taifa likawaaga Upanga, Dar es Salaam, mbele ya vyombo vya habari. Jeshi letu halikuvunjika kwa sababu wananchi waliona. Umma ulilia pamoja na familia, na hilo lilikuwa jema. Lakini mwaka 2018 uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulieleza kasoro za mafunzo na uongozi katika ulinzi huo wa amani. Ulieleza pia kwamba hapakuwa na mpango thabiti wa kuwapelekea msaada askari waliozingirwa, na kwamba zana muhimu kama ndege na habari za upelelezi zilipungua. Tunapouliza darasani, wengi wanayakumbuka majeneza. Wachache mno wamesikia habari za uchunguzi. Kasoro hiyo ni yetu pia, sisi tunaofundisha na tunaoandika.

Msimamo wetu basi ni huu. Kwanza, kurudi kwa askari waliokufa kutangazwe, na jeneza lake lionyeshwe kwa heshima. Pili, mwili wenyewe usionyeshwe kamwe, na msiba wa nyumbani usiingiliwe bila ridhaa ya wafiwa. Tatu, siri za kijeshi zinazolinda maisha ya askari walio bado mstari wa mbele zitunzwe, lakini kosa la kiongozi lisiitwe siri ya kijeshi. Nne, mwandishi aliyepiga picha ya jeneza anadaiwa habari ya pili: kwa nini kijana huyu amekufa, na nini kifanyike ili mwenzake asife kwa sababu hiyo hiyo.

Kada akiulizwa swali hili na mzazi wa askari, asimjibu kwa kaulimbiu. Amjibu kwa ukweli. Mzazi aliyemtoa mwanawe kwa taifa amekwisha kulipa bei kubwa kuliko sisi sote, na hakuna ukweli usiomstahili.