Istilahi Sahihi Katika Sentensi Isiyochambuliwa

Maswali yanayotufikia katika kazi ya istilahi karibu yote ni ya namna moja: neno fulani la Kiingereza laitwaje kwa Kiswahili? Ni nadra kuulizwa swali la pili, ambalo kwa maoni yetu ndilo lingestahili kutangulia: neno hilo linafanya kazi gani katika sentensi lilimotoka? Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mfasiri aweza kuwa na istilahi zote sahihi mkononi mwake na bado akatoa tafsiri potofu, kwa kuwa hakuichambua sentensi ya Kiingereza kabla ya kuanza kuitafsiri. Lawama hii hatuwatupii wafasiri peke yao. Sisi tunaotayarisha orodha za istilahi tuna fungu letu, nasi tutalieleza.

Jambo lenyewe si la darasani tu. Mwaka 2021 sheria za Tanzania zilirekebishwa, na Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo sheria nyingi zilizotungwa kwa Kiingereza zimehitaji kutafsiriwa. Katika maandishi ya aina hiyo kirai kimoja kikiegemezwa mahali pasipo pake, mtu aweza kunyimwa haki yake.

Tuchukue mfano kutoka jimbo la Maine, huko Marekani. Sheria ya jimbo hilo ilitaka mfanyakazi alipwe ujira mkubwa zaidi kwa saa zinazozidi 40 katika juma. Lakini ilitaja kazi kadhaa ambazo wazifanyao hawakuwa na haki hiyo. Kazi hizo ziliorodheshwa hivi: “canning, processing, preserving, freezing, drying, marketing, storing, packing for shipment or distribution of”, kisha vikatajwa vitu vyenyewe: mazao ya kilimo, bidhaa za nyama na samaki, na vyakula viharibikavyo upesi. Madereva wa kampuni ya maziwa iitwayo Oakhurst Dairy walidai malipo ya saa za ziada. Wao walikuwa wakisambaza maziwa, hawakuwa wakiyafungasha. Kampuni ilijibu kwamba kusambaza ni kazi mojawapo katika orodha, hivyo madereva hawastahili malipo. Madereva wakasema kwamba kazi ya mwisho katika orodha ni kufungasha tu, iwe ni kwa ajili ya kusafirisha au kwa ajili ya kusambaza.

Mahakama ya kwanza ilikubaliana na kampuni. Machi 2017 mahakama ya rufani iliyoko Boston ilitengua uamuzi huo. Iliona kwamba sentensi ina utata, na kwamba penye utata sheria ya ujira ya jimbo hilo isomwe kwa namna inayotimiza lengo lake la kumlinda mfanyakazi. Mwaka 2018 shauri lilimalizwa kwa mapatano ya dola milioni 5.

Wengi walioisimulia kesi hii waliishia kwenye alama ya mkato iliyokosekana baada ya neno “shipment”. Mkato huo ungeandikwa, ni kweli, ubishi usingekuwapo. Lakini mwongozo wa waandishi wa sheria wa jimbo hilo uliwaelekeza wasiuweke mkato wa namna hiyo katika orodha, kwa hiyo kukosekana kwake peke yake hakukuthibitisha lolote. Hoja zenye uzito zilikuwa za muundo. Madereva walionyesha kwamba kazi zote zisizobishaniwa zimetajwa kwa maneno yenye mwisho wa “-ing”, yaani vitenzi vilivyotumiwa kama majina. Neno “distribution” halina mwisho huo. Linafanana na “shipment”, na yote mawili yaonekana kutawaliwa na “for”. Kampuni nayo ilikuwa na hoja isiyodharaulika: kama “packing” ndiyo kazi ya mwisho, mbona hakuna “or” mbele yake, kama Kiingereza kinavyotaka kabla ya jambo la mwisho katika orodha?

Sasa tuilete sentensi hiyo mezani kwa mfasiri wetu. Atafungua orodha ya istilahi na kukuta usindikaji, uhifadhi, ugandishaji, ukaushaji, ufungashaji, usafirishaji, usambazaji. Atazipanga zote kama zilivyo, naye ataandika mwishoni: “ufungashaji kwa ajili ya usafirishaji au usambazaji wa mazao”. Hakuna neno hata moja la kukosolewa hapo. Hata hivyo tafsiri imeharibu ushahidi. Tofauti ya maumbo ambayo madereva waliitegemea mbele ya mahakama imefutika, kwa sababu karibu kila neno limevaa vazi moja, la u- mwanzoni na -ji mwishoni. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuiona tena hoja ya madereva.

Mfasiri aliyeichambua sentensi angefanya vingine. Angetumia vitenzi-jina kwa maneno ya “-ing”, yaani kusindika, kugandisha, kukausha, kufungasha, na kuacha usafirishaji na usambazaji yabaki majina kamili. Kwa njia hiyo utata ungebaki kama ulivyo katika asili, pamoja na dalili zake. Na kama mtunga sheria angekuwapo wa kuulizwa, Kiswahili kingeweza kuumaliza utata huo pasipo taabu: “kufungasha ili kusafirisha au ili kusambaza” ni maana moja, “kufungasha ili kusafirisha, au kazi ya kusambaza” ni maana nyingine. Bunge la Maine lenyewe baadaye liliiandika sentensi upya, likatumia nukta-mkato kati ya kazi na kazi, na kuweka “distributing” badala ya “distribution”.

Pana hali nyingine ambapo Kiswahili hakimruhusu mfasiri kuuacha utata mahali pake. Tuseme barua ya Kiingereza inataja “the secretary of the committee appointed in 2019”. Ni nani aliyeteuliwa, katibu au kamati? Kiingereza kinanyamaza. Kiswahili, kwa sababu ya upatanisho wa ngeli, kinadai jibu: “katibu wa kamati aliyeteuliwa” au “katibu wa kamati iliyoteuliwa”. Mfasiri mwenye haraka huchagua bila kujua kwamba amechagua. Hapo amekwisha kuwa hakimu, ingawa hakuna aliyempa kiti hicho.

Ukanushi nao una mitego yake. Sentensi “All the members did not sign” husemwa na Waingereza kwa maana mbili. Yaweza kuwa “Hakuna mjumbe aliyetia saini”. Yaweza pia kuwa “Si wajumbe wote waliotia saini”. Anayeandika “Wajumbe wote hawakutia saini” amefuata mpangilio wa maneno ya Kiingereza, naye amempa msomaji maana ya kwanza, hata kama mwandishi alikusudia ya pili.

Twajua watakaotujibu kwamba wakati ni mfupi, na kwamba kwanza watu wanahitaji maneno. Hatukatai. Pasipo istilahi za kukubalika kila ofisi itazungumza lugha yake. Lakini istilahi ni tofali, na tofali haliwezi kunyosha ukuta uliochorwa upande.

Kwa hiyo twatoa rai tatu. Kwanza, kabla ya kufungua orodha yoyote, mfasiri aitafute kiima na kitenzi kikuu cha sentensi ya Kiingereza, kisha kila kirai na kila kishazi tegemezi akionyeshe kinaegemea wapi. Mstari wa kalamu pembeni mwa karatasi watosha. Pili, akikuta maana mbili, amwulize mwandishi. Akiwa hapatikani, autunze utata pale Kiswahili kinapouruhusu. Pale kisipouruhusu, aandike tanbihi kueleza alichokichagua na alichokiacha. Walimu wanaofundisha tafsiri wangefanya vyema kutoa alama kwa tanbihi hiyo kama wanavyoitoa kwa tafsiri yenyewe.

Rai ya tatu yatuhusu sisi. Orodha zetu zimezoea kuweka neno la Kiingereza upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili, kana kwamba maneno huishi peke yake. Istilahi ya kitendo, kama hiyo ya kusambaza, ingepaswa kuchapishwa pamoja na sentensi mbili: moja inayotumia kitenzi-jina, na nyingine inayotumia jina kamili, ili mtumiaji aone lini kila umbo linafaa. Kazi itakuwa ndefu zaidi, na orodha zitatoka polepole. Lakini anayesubiri ujira wake kutokana na kifungu cha sheria ana haki ya kuikuta sentensi nzima, wala si maneno yake tu.