Bahasha Zilizofungwa: Namna Tiba ya Kifua Kikuu Ilivyopimwa

Tarehe 30 Oktoba 1948 gazeti la matabibu wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha taarifa juu ya vijana 107 waliokuwa na kifua kikuu cha mapafu yote mawili, maradhi yaliyokuwa yakienda mbio, wala hayakufaa kwa ile tiba ya zamani ya kulifanya pafu linywee ili lipate kupumzika. Na katika vijana hao 55 walidungwa dawa mpya ya streptomaisini, ilhali 52 walilazwa kitandani tu, kama ilivyokuwa ada ya hospitali za wakati ule. Baada ya miezi sita waliofariki katika kundi la kwanza walikuwa 4, na katika la pili 14. Wengi huikumbuka taarifa hiyo kwa ajili ya dawa. Rai yangu ni kwamba dawa ndiyo sehemu nyepesi ya habari hii, kwani ingalijulikana nguvu yake kwa njia moja au nyingine. Lililo zito ni namna vijana hao walivyogawanywa mafungu mawili.

Streptomaisini ilipatikana mwaka 1943 katika vijidudu vya udongo, katika maabara ya Selman Waksman huko Rutgers, Marekani, kwa kazi ya mwanafunzi wake Albert Schatz. Habari zilizovuka bahari zilikuwa za kutia moyo, walakini kifua kikuu ni maradhi yenye hadaa: mgonjwa mmoja hupukutika kwa wiki chache, na wa pili, asiyepewa lolote, akanenepa na kurudi kazini. Kwa sababu hiyo chumvi za dhahabu ziliwahi kudungwa watu kwa miaka mingi, zikasifiwa na mabingwa, hata ikabainika kuwa sumu yake ni kubwa kuliko shifaa yake. Uingereza nayo ilikuwa imetoka vitani na haina dola za kununulia dawa, na kiasi kilichopatikana hakikutosha illa kwa wagonjwa wachache. Ufukara huo uligeuka kuwa hoja: kwa kuwa wengi wangeikosa dawa kwa vyovyote vile, Baraza la Utafiti wa Tiba liliona kuwa ni halali kuwagawa watu kwa kura, na kwamba kosa lingekuwa kuitumia dawa hiyo haba pasipo kujifunza neno.

Katika kamati iliyosimamia jambo hilo alikuwamo Austin Bradford Hill, mtu wa takwimu aliyezaliwa mwaka 1897, ambaye ujanani alitaka kuwa tabibu, lakini katika vita vya kwanza, alipokuwa rubani, akapatwa na maradhi yale yale ya kifua, akarudishwa kwao, akasoma uchumi kwa posta angali mgonjwa. Sidhani kama habari hiyo haina uhusiano na yaliyofuata. Aliyelala kitandani miezi mingi akisubiri kifo kimpitie anajua vizuri jinsi tabibu na mgonjwa wanavyotamani kuamini.

Njia iliyozoeleka katika majaribio ilikuwa ya zamu: mgonjwa wa kwanza apewe dawa, wa pili asipewe, wa tatu apewe, na kadhalika. Kwa hisabati tupu njia hii haina taksiri kubwa, kwani maradhi hayajui zamu. Taksiri yake imo katika nafsi ya anayepokea wagonjwa. Tabibu aliyeketi mezani akijua kwamba zamu inayofuata ni ya dawa, na mbele yake amesimama msichana wa miaka 19 aliyekonda lakini macho yake bado yana nuru, ataona sababu njema ya kumpokea leo. Na akijua kwamba zamu ni ya kukosa, ataona sababu njema vilevile ya kumwahirisha hata kesho kutwa. Hapana khiyana hapo. Pana huruma tu, na huruma hiyo ikirudiwa mara hamsini hukusanya upande mmoja mapafu yenye matumaini na upande wa pili yale yaliyokwisha kutoboka, hata dawa isiyo na athari yoyote ikatoka jaribioni na heshima.

Hill alichofanya ni hiki. Alitwaa jedwali la namba za nasibu, akapanga kwa kila hospitali, wanaume mbali na wanawake mbali, mfuatano wa herufi mbili: S kwa atakayedungwa streptomaisini na C kwa atakayelazwa tu. Mfuatano huo hakumwonyesha mtu, hata Marc Daniels aliyekuwa akiiratibu kazi nzima. Kila herufi iliandikwa juu ya kadi, kadi ikatiwa katika bahasha, bahasha ikafungwa, na juu yake hapakuandikwa ila jina la hospitali na namba. Bahasha hizo hazikukaa hospitalini bali katika ofisi kuu. Mgonjwa alipopendekezwa, habari zake zilipelekwa kwanza mbele ya jopo, nalo likatazama umri, hali ya mapafu na muda wa maradhi. Na baada ya jopo kusema kwamba huyu anafaa, neno lisiloweza tena kurudishwa, ndipo bahasha yenye namba iliyofika ilipofunguliwa na tabibu wa hospitali akaarifiwa herufi iliyomo. Uamuzi wa kumkubali mtu ulitangulia, na kura ikafuata, na baina ya mambo hayo mawili hapakuachwa upenyo hata wa kupitisha wembe.

Namba za nasibu zenyewe hazikuwa bidaa. Ronald Fisher alikuwa amezitumia tangu miaka ya 1920 katika mashamba ya Rothamsted, akigawa mbolea kwa vipande vya ardhi, na kwake yeye nasibu ilikuwa ndiyo msingi wa kuhalalisha hesabu ya mwisho. Hill hakulikataa hilo, lakini haja yake ilikuwa nyingine. Shamba halina daktari anayelionea huruma. Yeye aliitaka nasibu kwa kuwa haitabiriki, na kisichotabirika hakiwezi kuchezewa hata na mtu mwema. Na alikiri baadaye kwamba katika makala zake za mwaka 1937 aliepuka kwa makusudi kutaja kura, akawafundisha matabibu njia ya zamu tu, kwa kuhofia kuwatisha. Alingoja miaka tisa mpaka alipopata dawa haba na kamati yenye masikio.

Hapa pana jambo ambalo watu wa leo hulishangaa: kundi la C halikudungwa maji ya chumvi ili lidhani linatibiwa. Dawa ilidungwa mara nne kwa siku kwa miezi minne, na kuwachoma wagonjwa mahututi mamia ya sindano tupu ili tu hesabu ipendeze kungekuwa ukatili. Zaidi ya hayo, wa kundi la C hawakuambiwa kwamba wamo jaribioni, nao kwa kawaida walilazwa wodi mbalimbali na wenzao wa S. Desturi hiyo leo haingepita mbele ya kamati yoyote ya maadili, na ni haki isipite. Badala ya kuwaficha wagonjwa, walifichwa wasomaji wa picha. Picha za eksirei zilisomwa na watu watatu, kila mmoja peke yake, bila kujua kama pafu lililo mbele yake ni la S au la C, kisha ndipo rai zao zikalinganishwa. Katika kundi la dawa asilimia 51 walionekana kupata nafuu kubwa, na katika kundi la kitanda asilimia 8. Ama vifo, havikuhitaji msomaji. Lau dawa isingekuwa na nguvu, vifo 18 vingegawanyika takriban tisa kwa tisa. Kugawanyika 4 kwa 14 kwa bahati tupu ni jambo ambalo halitarajiwi kutokea hata mara moja katika majaribio 100.

Insafu ya mpango huo ilionekana zaidi katika habari mbaya iliyoleta. Wengi waliopewa streptomaisini walipata nafuu katika miezi ya mwanzo, kisha wakarudi nyuma, kwa kuwa vijidudu vilivyosalia mwilini vilikuwa vimejifunza kuihimili dawa. Na kwa miaka iliyofuata tofauti ya vifo kati ya makundi mawili ilipungua sana. Kipimo kilichosifu dawa ndicho kilichoonyesha kuwa haitoshi peke yake. Baraza lilipima tena, safari hii streptomaisini pamoja na dawa ya PAS, na mwaka 1950 ikathibiti kwamba mbili zikishikana huzuia usugu.

Kutoka hapo habari inaingia kwetu. PAS ilikuwa ghali, ikimezwa kwa wingi mpaka tumbo likaikataa, na tiba nzima ilichukua miezi 18, ilhali mgonjwa hujiona mzima mwezi wa tatu akaaga na kurudi shambani kwake. Katika Afrika Mashariki PAS ilibadilishwa kwa thiasetazoni, kidonge cha senti chache, nayo ikafaa. Kisha mwaka 1970, katika hospitali za Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia, watafiti wa Afrika Mashariki wakishirikiana na Baraza lile lile la Uingereza waliuliza swali ambalo mabingwa wengi waliliona la ujasiri mno: je, miezi 6 yatosha? Wagonjwa waligawanywa kwa kura katika mafungu ya miezi sita, yote yakipata streptomaisini na dawa nyingine iitwayo isoniazidi. Fungu moja halikuongezwa kitu, jingine likaongezwa thiasetazoni, jingine pirazinamidi, jingine rifampisini, na pembeni likawekwa fungu la miezi 18 la kulinganishia.

Werevu wa jaribio hili umo katika kuchagua cha kuhesabu. Mwisho wa miezi sita makohozi ya wengi sana yalikuwa safi katika kila fungu, na mtu mwenye haraka angesema dawa zote ni sawa. Wao waliacha dawa na kungoja, wakahesabu ambao maradhi yaliwarudia. Kwa waliopewa dawa mbili tu yalirudi kwa asilimia 29, kwa walioongezwa thiasetazoni asilimia 22, pirazinamidi 8, rifampisini 3, sawa na fungu la miezi 18. Kwa hiyo ilifahamika kwamba dawa ya kuzuia usugu si lazima iwe dawa ya kusafisha mwili: thiasetazoni ililinda wenzake, lakini vijidudu vilivyolala kimya katika mapafu haikuvifikia, ilhali rifampisini na pirazinamidi zilivifikia.

Rifampisini ilikuwa na bei ya kuogofya, na hapo ndipo hesabu ya jaribio ilipokutana na hesabu ya hazina. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanza Tanzania mwaka 1977, ukiwa na Karel Styblo kama mshauri, ulikuja kutumia tiba ya miezi 8: miezi miwili ya mwanzo mgonjwa akimeza dawa kali, rifampisini ikiwamo, chini ya jicho la muuguzi, na miezi sita iliyosalia akitumia isoniazidi na thiasetazoni nyumbani kwake. Utaratibu huo ulishika, ukaigwa na nchi nyingi. Walakini wagonjwa wa mwaka 1970 hawakuwa na virusi vya UKIMWI. Mwaka 1991 taarifa kutoka Nairobi ilionyesha kwamba wenye virusi hivyo wakipewa thiasetazoni huweza kupatwa na maradhi ya ngozi ya kuchubuka, mengine ya kuua, na kidonge kile cha senti chache kikaondolewa, nafasi yake ikashikwa na ethambutoli. Mpango wa miezi 8 wenye ethambutoli nao ulilinganishwa, kwa kuwagawa wagonjwa kwa kura, na ule wa miezi 6 wenye rifampisini mwanzo hadi mwisho, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 walioshindwa tiba au kurudiwa na maradhi walikuwa asilimia 10 kwa ule mrefu na 5 kwa ule mfupi.